Magufuli au Lowassa: nilivyompima kila mmoja mwaka 2015, na ninavyopima sasa

Binti wa kaka yangu atapiga kura ya urais kwa mara ya kwanza uchaguzi ujao. Juzi alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya banda langu la kushonea hapa Mabibo, ananisaidia kukata nyuzi, akaniuliza: "Shangazi, mwaka 2015 kura yako ulimpa nani? Na kwa nini?"

Kura ni siri, na wakati ule hata mume wangu sikumwambia. Lakini wagombea wawili wakubwa wa mwaka ule wote wameshatangulia mbele za haki, John Magufuli tarehe 17 Machi 2021 na Edward Lowassa tarehe 10 Februari 2024. Nikaona siri hiyo haimlindi mtu tena. Nikafunua sanduku la vitambaa, nikamtolea daftari.

Ni daftari la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Katikati yake kuna kurasa mbili zinazotazamana ambazo hazina kipimo cha mteja. Wa kushoto nimeandika JPM, wa kulia EL. Nilifanya hivyo kwa sababu fundi hakati kitambaa kwa kumtazama mteja usoni. Anayekata kwa macho hulipa kitambaa cha watu. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inachagua kwa macho, mimi nikasema hapana, nitapima.

Nayaandika haya kwa ajili yake na kwa wengine wa rika lake ambao 2015 walikuwa bado wanacheza rede. Majina yatabadilika, ila mambo ya kupima ni yale yale.

Jangwani mara mbili

Uchaguzi ulikuwa Jumapili tarehe 25 Oktoba 2015. Wagombea urais walikuwa 8, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Mama Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, ambaye hotuba zake nilizipenda kuliko za wote. Sikumwandikia ukurasa, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Nilijiambia kwamba kura yangu isipotee, kana kwamba kura ni sindano iliyoanguka sakafuni.

CCM, chama cha Magufuli, walifungua kampeni Jangwani tarehe 23 Agosti. UKAWA, muungano uliomuunga mkono Lowassa, yaani vyama vya CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, wakafungua hapo hapo Jangwani tarehe 29. Nilikwenda kote kuwili. Wiki hiyo juu ya meza yangu kulikuwa na mashati ya kijani kumi na mbili na magwanda ya kaki tisa, na kila aliyekuja kuchukua nguo yake aliniambia nchi imeshaamua. Watu wa Lowassa waliuita umati wao mafuriko. Watu wa Magufuli walijibu kwa "Hapa Kazi Tu". Magufuli aliongea kwa urefu, akitaja barabara na kilomita bila karatasi. Lowassa aliongea kifupi sana, akasema elimu, akasema elimu tena, umati ukamalizia.

Nilirudi nyumbani mara zote mbili nikiwa nimefurahi. Ndipo nikajua umati hautanisaidia, kwa sababu wote wawili walikuwa nao.

Kazi waliyokwisha kukabidhiwa

Mstari huu ndio niliuandika wa kwanza na ndio mrefu kuliko yote, maana wote walikuwa watu wa serikali kwa miaka mingi. Hakuna aliyekuwa mgeni.

Upande wa Magufuli: Naibu Waziri wa Ujenzi tangu 1995, Waziri kamili 2000 hadi 2005, kisha Ardhi, kisha Mifugo na Uvuvi, halafu akarudishwa Ujenzi 2010. Barabara za lami zilijengwa, na sisi tunaosafiri kwenda mikoani tuliziona kwa macho. Niliandika pia lililo dhidi yake. Kipindi chake cha kwanza Ujenzi ndipo nyumba za serikali zilipouzwa kwa watumishi, na jibu lililonyooka kuhusu hilo sikulisikia kwenye kampeni. Mwaka 2012 nauli ya pantoni la Kigamboni ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200, wananchi wakalalamika, waziri akasema asiyetaka kulipa apige mbizi. Waziri huyo huyo ndiye aliyekuwa akisimamia ujenzi wa daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016. Nikayaandika yote mawili kwenye mstari mmoja, daraja na mbizi. Nilidhani daraja ndilo zito. Nitalirudia jambo hili.

Upande wa Lowassa kulikuwa na kazi pia, na wengi walijifanya hawaikumbuki. Akiwa Waziri wa Maji, mwaka 2005, ndiye aliyetangaza kuvunjwa kwa mkataba wa City Water, kampuni iliyokuwa imekabidhiwa maji ya Dar es Salaam. Mradi wa kutoa maji Ziwa Victoria kuyapeleka Kahama na Shinyanga ulisukumwa na yeye. Akiwa Waziri Mkuu alizisimamia shule za kata kwa nguvu, wakuu wa mikoa na wilaya hawakulala. Watu walizicheka shule zile kwa kukosa walimu na maabara, lakini watoto wangapi wa mtaa huu wangeishia darasa la saba bila hizo?

Halafu ikaja Richmond. Hili nalijua kwa mikono yangu. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Cherehani yangu ya umeme na ovaloki vililala mchana kutwa, nikarudi kwenye cherehani ya mguu aliyoniachia mama, nikashona sare za shule usiku kwa taa ya chemli mpaka macho yakawa yanatoa machozi. Mkataba wa Richmond ulikuwa wa umeme wa dharura, wa kututoa kwenye giza hilo. Umeme haukuja kwa wakati. Kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe ikachunguza jinsi mkataba ulivyotolewa, ripoti ikasomwa, ikamgusa Lowassa, na Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu. Yeye alisema siku zote kwamba hakusikilizwa, na mahakama haikumtia hatiani. Yote hayo niliyaandika, kwa sababu ni haki yake. Lakini kila nilipoutazama mstari ule niliiona ile chemli.

Ahadi

Hapa sikukaa sana. Wote wawili waliahidi elimu ya bure. Magufuli alisema mpaka kidato cha nne, Lowassa akasema mpaka chuo kikuu. Magufuli akaongeza milioni 50 kwa kila kijiji. Lowassa alijitambulisha kama rafiki wa bodaboda, wamachinga na mama ntilie, na mwezi Agosti alipanda daladala Gongo la Mboto akasikilize shida za watu. Nilichofanya ni kuuliza ipi kati ya ahadi hizi naweza kuidai. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake michango isiyoisha: dawati, mlinzi, mtihani wa kujipima. Ahadi ya mpaka kidato cha nne ningeweza kuihesabu kwa risiti zangu mwenyewe. Ahadi ya chuo kikuu sikuona fedha yake itatoka wapi. Alama hiyo nikampa Magufuli.

Afya, ambayo niliikata

Vijiweni watu walimjadili Lowassa mikono, sauti na mwendo. Magufuli akawa anapiga pushapu jukwaani. Niliuandika mstari wa afya kisha nikaukata kwa kalamu nyekundu, maana sikuwa na cheti cha hospitali cha mtu yeyote, na kumpima mtu mzima kwa kutetemeka mkono nikaona ni utovu wa adabu. Mungu ndiye apangaye. Yule aliyesemwa mgonjwa aliishi karibu miaka mitatu baada ya mwenzake kuzikwa.

Binti alipofika hapo akauliza: "Kwa hiyo mgombea mwenza uliandika nani?"

Sikuandika. Mstari huo haupo kabisa kwenye daftari langu. Mgombea mwenza wa Magufuli alikuwa Samia Suluhu Hassan, na wa Lowassa alikuwa Juma Duni Haji, aliyetoka CUF akaingia CHADEMA ili aweze kusimama naye. Majina yao yalikuwa kwenye mabango yote ya mjini, na Katiba inasema wazi kwamba rais akifariki makamu ndiye anayeapishwa. Tarehe 19 Machi 2021 nilikaa mbele ya televisheni ya jirani nikitazama mtu ambaye nilimpigia kura bila kumpima hata inchi moja akila kiapo cha urais. Kwa hiyo, mwanangu, wewe anzia hapo: kwenye karatasi ya urais kuna watu wawili.

Waliosimama nyuma yao

Nyuma ya Magufuli ilikuwa CCM, chama kilichokuwa madarakani miaka yote ya maisha yangu. Aliyechoshwa na CCM alikuwa na haki ya kuchoka, na mimi nilikuwa mmojawapo. Waliomtetea Magufuli walisema yeye si CCM ile, ni mtu wa kazi aliyepenya kwenye uteuzi wa chama Dodoma mwezi Julai wakati wakubwa wanagombana. Hilo lilinishawishi zaidi ya ilivyostahili.

Nyuma ya Lowassa kulikuwa na jambo gumu zaidi kulieleza. CHADEMA walizunguka nchi miaka mingi wakiihubiri Richmond. Mwisho wa Julai 2015 mtu yule yule, akitokea CCM, akapokelewa, na siku chache baadaye akawa mgombea wao. Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Dk. Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, akaachana na siasa za chama hicho, na Septemba mosi akaja kusema hadharani kwa nini. Mteja wangu mmoja, mwalimu, aliniambia: "Mama, tunataka CCM itoke. Hata wakisimamisha jiwe nitalipigia kura." Nilimwelewa. Nchi ambayo haijawahi kubadilisha chama haijui kama inaweza, na kulijua hilo tu lina thamani yake. Lakini mimi niliona kwamba chama kikimeza neno lake kwa wiki moja, kesho kitameza na langu.

Nani atamwambia hapana

Mstari wa mwisho ni nusu mstari. Umeandikwa kwa penseli, na sasa hausomeki vizuri.

Nilikuwa nimeshaamua kwamba kura ya urais itakwenda kwa Magufuli. Ila lile neno la kupiga mbizi halikunitoka. Nikasema mtu huyu anahitaji wa kumshika mkono. CCM walikuwa wakihimiza mafiga matatu: rais, mbunge na diwani, wote wa chama kimoja, ili chungu kikae. Mimi nikaamua figa moja la kijani na mawili ya upinzani. Nilidhani bungeni watu wa upinzani watamwambia hapana pale ambapo wa kwake wataogopa.

Siku yenyewe nilipanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri uwanjani kwenye shule ya msingi, nikiwa na kitambulisho changu kilichotoka kwenye mashine za BVR, zile za kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole. Ndani ya kile kituturi nilizikunja karatasi tatu, mkono ukitetemeka kama siku ya kwanza kukata kitambaa cha suti. Nikatoka na wino kidoleni, na Jumatatu yake ulichafua shela ya bibi harusi niliyokuwa napindia. Ilinibidi nifumue upindo wote.

Magufuli akatangazwa kwa asilimia 58.46, Lowassa akapata 39.97. Hapa Dar upinzani ulichukua majimbo kadhaa, na Ubungo letu likiwemo. Nikaona chungu changu kimekaa vizuri.

Mwanzo ulinifurahisha, na sitaukana kwa sababu ya yaliyofuata. Fedha za sherehe za Uhuru za Desemba 2015 zilipelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Januari 2016 ada ikafutwa, na ile michango ya lazima ikapigwa marufuku. Mwanangu alikuwa kidato cha pili. Ile 20,000 na michango yake nilinunulia pasi mpya, ipo hapa, bado inafanya kazi. Milioni 50 za kila kijiji hazikuja.

Januari hiyo hiyo serikali ikatangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena Bunge moja kwa moja kama zamani. Katikati ya mwaka mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, na zuio hilo lilikuja kuondolewa Januari 2023. Mbunge niliyemchagua ili aseme hapana nikawa simsikii bungeni, wala simwoni mtaani. Nyumba za Kimara kuelekea Kiluvya zilipovunjwa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, wateja wangu watatu wa huko walikuja kuchukua nguo zao na mabegi yao. Barabara ile ikajengwa, pana na nzuri. Daraja na mbizi tena, mstari mmoja.

Halafu mafiga yenyewe yakaanza kutembea. Kati ya mwisho wa 2017 na mwisho wa 2018, wabunge wa upinzani wa Kinondoni, Ukonga na Temeke wakahamia CCM. Machi 2019 Lowassa naye akarudi CCM.

Ningechaguaje leo, kwa yale yale niliyoyajua wakati ule

Binti aliniuliza hili kwa kunibana, akaniambia nisimpe jibu la kisiasa. Nikamwambia ningempa Lowassa.

Sababu siyo Lowassa mwenyewe. Chemli ya 2006 bado naikumbuka. Sababu ni ule nusu mstari wa penseli, ambao ulipaswa kuwa wa kwanza na kuandikwa kwa wino. Katiba yetu inampa rais uteuzi wa karibu kila mtu anayeweza kumuuliza swali, na ibara ya 41 inasema matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume hakuna mahakama itakayoyachunguza. Mtu mkali kwenye kiti cha namna hiyo, na chama kizima nyuma yake, hana wa kumshika mkono. Mbunge mmoja wa Ubungo angeanzia wapi? Lowassa angeingia Ikulu akiwa mgeni ndani ya muungano wa vyama vinne, vyenye watu waliomkosoa kwa miaka na wasiomwogopa. Na UKAWA, kwa jina lake lenyewe, Umoja wa Katiba ya Wananchi, ulizaliwa 2014 ndani ya Bunge Maalum la Katiba kwa ajili ya kuitetea Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba, na uliahidi kuirudisha. Kwenye ukurasa wa kushoto neno Katiba halimo, na sikumsikia Magufuli akilizungumza kwenye kampeni.

"Lakini Shangazi," akasema, "Lowassa mwenyewe alikuwa CCM Oktoba 2014 ile Katiba Inayopendekezwa, iliyoacha mengi ya rasimu hiyo, inapitishwa. Na 2019 akarudi kwao. Huyo ndiye angekuletea Katiba?"

Ni hoja nzuri na sikuwa na pa kukwepea. Nilimjibu kwamba alirudi akiwa ameshindwa, na mgeni aliyeshindwa hurudi kwao. Akishinda ni deni lingine, angedaiwa na waliompa mlango. Hakukubali. Alisema deni la mwanasiasa halina mdhamini. Tulibishana mpaka mteja wa kitenge akaja, tukanyamaza, akaondoka, tukaanza tena.

Sikutaka akubali. Nilichotaka ni achore kurasa zake mwenyewe, mbili au tatu kadiri wagombea watakavyokuwa, na safari hii mwanamke akisimama apate ukurasa wake. Nikampa chaki ya fundi na rula ya mbao. Akapiga mistari, akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: NANI ATAMWAMBIA HAPANA. Chini yake akaandika: MGOMBEA MWENZA NI NANI. Kisha akainua uso akaniuliza wa tatu aandike nini.

Nikamwambia aandike maji. Ndoo zetu nne zilikuwa bado zimepangwa mlangoni tangu asubuhi, zikimsubiri kijana wa mkokoteni.